Nitajuaje neno la Kiingereza limekufa, si la kizamani tu?

Mhariri_Kalamu

Wakuu, salaam.

Nina mswada wa mazungumzo kwa Kiingereza. Wahusika ni vijana wa London ya leo, lakini lugha waliyopewa ni ya vitabu vya zamani. Wanaambiana "I shall telephone you". Mmoja anamuuliza mwenzake "Whence come you?", mwingine anasikiliza "the wireless", yaani redio. Humo ndani kumejaa "whom", "hitherto", "lest", "whilst", "fortnight" na "marvellous". Halafu yupo mzee wa miaka 80 anayetumia "thou" kila akifungua mdomo, kwa sababu mwandishi anaamini "thou" ni lugha ya heshima.

Nikifungua kamusi, maneno yote haya yamo, kwa hiyo haiamui kitu. Ninachotafuta ni namna ya kupima: lipi hakuna anayelitamka tena, lipi wanalo wazee peke yao, lipi liko hai Uingereza ila Marekani halipo. Na kwenye "thou", kuna anayeijua sarufi yake? Naona mahali pameandikwa "thou has", pengine "he goest", na sikio linakataa.

Kamusi_Kuukuu

Mkuu, inategemea umefungua kamusi ya aina gani. Ile kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka vipande vipande mwaka 1884 ikakamilika 1928, ni kamusi ya historia. Neno likishaingia halitolewi, hata kama aliyelitumia mara ya mwisho alizikwa miaka 400 iliyopita. Toleo la pili, la 1989, lenye juzuu 20, lina maneno 171,476 yanayotumika na 47,156 yaliyokufa. Katika kila maneno matano, karibu moja ni marehemu. Yaliyokufa yanawekewa alama ya jambia, †, mbele yake. Ukiiona hiyo, usihangaike tena.

Shida ni kwamba "whence" halina jambia, wala "hitherto". Wasomaji bado wanayaelewa na waandishi bado wanayachomoa mara moja moja. Hapo unaangalia lebo, na lebo zipo tatu ambazo watu huzichanganya. "Obsolete" ni neno lililokwisha, msomaji wa kawaida hata halijui. "Archaic" linajulikana ila halisemwi. Makazi yake ni sala, mashairi na mzaha. "Dated" linasemwa mpaka leo, ila ukilisikia unajua msemaji ni wa umri gani. Kwa mazungumzo, hiyo ya tatu ndiyo inayowaumbua wahariri, kwa sababu neno lake linaonekana zima kabisa kwenye karatasi.

Kwa kazi yako weka kando kamusi kubwa, chukua ya wanaojifunza Kiingereza. Ile ya Oxford ya ngazi ya juu huandika "old-fashioned" kwa maneno ya wazee na "old use" kwa yale ambayo hayasemwi tena, wakati kamusi za wazawa mara nyingi hunyamaza kwa sababu mzawa hahitaji kuambiwa.

Jambo jingine: neno kutolewa kwenye kamusi ndogo si kifo. Kamusi ya Oxford ya watoto, toleo la 2007, ilitoa "acorn" na "bluebell" ikaingiza "blog" na "broadband". Januari 2015 waandishi kadhaa, Margaret Atwood akiwemo, waliandika barua ya kulalamika. Lakini "acorn" hakuna aliyeacha kulisema. Kamusi ya mtoto wa miaka 7 ina kurasa chache, basi.

Ukitaka kujua kwa nini neno limeondoka, angalia kwanza kama kitu chenyewe kipo. "Icebox" liliondoka na sanduku lililopozwa kwa bonge la barafu. Hilo halina mjadala. Njia ya pili ni mpinzani: maneno mawili kwa kitu kimoja hayakai pamoja muda mrefu. Mpiga chapa William Caxton, katika dibaji yake ya 1490, anasimulia habari ya mfanyabiashara aliyeomba "egges" na mama wa nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mpaka mtu mwingine aliposema "eyren" ndipo akaelewa. Yote mawili ni mayai. La kwanza lilitoka kwa Wanorse, watu wa Skandinavia, la pili lilikuwa la Kiingereza asilia. Leo "eyren" hakuna anayelijua.

Ya tatu ni sarufi kuanguka na maneno yake, na hapa Mswahili ana faida kuliko Mwingereza mwenyewe. Sisi tuna huyu, huyo na yule. Kiingereza nacho kilikuwa na ngazi tatu: "this", "that" na "yon". Ngazi ya tatu ikafa katika lugha sanifu. "Yon" limebaki Scotland na kaskazini mwa Uingereza, na ndugu yake "yonder" bado linasikika kusini mwa Marekani. Ndivyo ilivyokuwa kwa mahali pia: "here" ni hapa ulipo, "hither" ni kuja hapa, "hence" ni kutoka hapa. Vivyo hivyo "there, thither, thence" na "where, whither, whence". Maneno tisa yakabaki matatu, na mwelekeo ukaachiwa "to" na "from". Hata keshokutwa walikuwa nayo: "overmorrow" limo katika tafsiri ya Biblia ya Coverdale ya 1535. Leo Mwingereza analazimika kusema "the day after tomorrow", maneno manne kwa neno letu moja.

Nne ni mtego wenyewe: neno lipo, maana ndiyo imekufa. "Let" lilikuwa pia kuzuia. Limebaki kwenye tenisi, mpira ukigusa wavu wakati wa kuanzisha, na kwenye maandishi ya pasipoti ya Uingereza, "without let or hindrance". "Prevent" lilikuwa kutangulia. "Meat" lilikuwa chakula chochote. Hapa lebo ya kamusi huwa iko kwenye maana ya nne au ya tano, si kwenye neno, na mtu anayesoma mstari wa kwanza tu anapotea.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha jirani. Chukua neno, uliza: linaweza kukaa na maneno mangapi tofauti? "Shrift" linakaa na "short" peke yake. "Kith" haliendi popote bila "and kin". "Fro" limefungwa kwa "to and", "yore" kwa "days of", "bated" kwa "breath". Haya ni masalia: nahau iko hai, neno lilikufa ndani yake kama mdudu kwenye utomvu. Unaweza kumpa kijana wa London "short shrift" bila wasiwasi, lakini ukimpa "shrift" tupu umemrudisha kanisani zama za kati, kuungama dhambi.

Kwenye orodha yako, "fortnight" usiliguse. Ni "usiku kumi na nne" uliofupishwa, na Uingereza linatumika mpaka kwenye malipo ya kodi ya nyumba. Marekani ndiko halipo. Ndugu yake "sennight", usiku saba, ndiye aliyekufa kote. Na usidhani Marekani ndiyo mpya siku zote: "gotten", na "fall" kwa majira ya kupukutika majani, ni ya zamani Uingereza yaliyohifadhiwa ng'ambo. London ukimwandikia mhusika "in the fall" umemfanya Mmarekani.

Nafsi_ya_Pili

Nijibu la "thou", maana hapo mwandishi kageuza mambo juu chini.

"Thou" si heshima. Mwanzo lilikuwa wewe, na "ye" lilikuwa ninyi, umoja na wingi tu kama kwetu. Kuanzia karne ya 13, kwa kufuata desturi ya Kifaransa, watu wakaanza kumwambia mkubwa mmoja "ye/you", yaani kumwita kwa wingi ili kumpandisha. Kwa hiyo "thou" likabaki la mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa karibu, na mtu unayetaka kumdharau. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwambia mbele ya mahakama kwamba anam-"thou" kwa makusudi, na ilieleweka kuwa ni tusi. Mzee wa heshima akimwambia mgeni "thou" katika karne ile, amemtukana.

Dhana ya heshima imetokana na Biblia ya King James ya 1611. Watafsiri wale walitumia "thou" kwa umoja na "ye" kwa wingi kwa sababu Kiebrania na Kigiriki vinatofautisha. Mungu anaambiwa "thou", na shetani pia anaambiwa "thou". Baadaye neno lilipotoweka mitaani likabaki kanisani peke yake, likapata harufu ya ubani. Tafsiri ya RSV ya 1952 ilithibitisha harufu hiyo: ilimwachia Mungu "thou" na binadamu wote wakapewa "you". NRSV ya 1989, toleo lake jipya, ikafuta hata hiyo.

Sarufi sasa. "Thou" ni kiima, "thee" ni yambwa. "Thy" ni -ako mbele ya konsonanti, "thine" mbele ya irabu: "thy book", "thine eyes". "Thine" pia husimama peke yake: "it is thine". Kwa wingi, "ye" ni kiima na "you" ni yambwa, ingawa mipaka hiyo ilikuwa imeanza kuvurugika kabla ya 1600.

Kitenzi kinachofuata "thou" huchukua -est au -st: "thou goest", "thou knowest", na wakati uliopita "thou wentest", "thou didst". Visaidizi vina maumbo yake ya kukariri: art, wast au wert, hast, hadst, dost, canst, mayst, wouldst. Angalia "wilt" na "shalt", hivi vina -t tu. "Thou willest" ni kitenzi kingine, cha kutaka au kuazimia. Na "must" halibadiliki.

Nafsi ya tatu umoja ndiyo yenye -eth: "he goeth", "she hath", "it doth". Hii -eth ilisukumwa na -s iliyoshuka kutoka kaskazini mwa Uingereza, ndiyo maana leo tunasema "goes". Kwa hiyo makosa uliyoyaona: "thou has" iwe "thou hast", "he goest" iwe "he goeth". Kosa jingine la kila siku ni kuweka -eth kwenye wingi au nafsi ya kwanza, "they goeth", "I doth". Nafsi hizo hazina kiambishi chochote: "they go", "I do".

Mengine mawili yanayoshika wengi. "Wherefore" ni kwa nini, si wapi. Swali maarufu la Juliet wa Shakespeare linauliza kwa nini Romeo awe Romeo, halimtafuti alikojificha. Na "Ye Olde" kwenye vibao vya kuvutia watalii si "ye" hata kidogo. Kiingereza kilikuwa na herufi þ kwa sauti ya "th". Katika mwandiko wa mkono ilikuja kufanana na y, na wapiga chapa ambao kwenye sanduku lao la herufi haikuwemo wakaweka y. Neno ni "the", na lilisomwa "the".

Kama mzee wako anatoka Yorkshire, hapo kuna mlango: wazee wa huko wengine bado wanasema "tha" na "thee" katika mazungumzo ya kawaida. Lakini wanawaambia ndugu na marafiki, si mgeni wala bosi.

Mhariri_Kalamu

Nafsi_ya_Pili, asante, hiyo ya Coke imenimaliza kabisa.

Swali: mwandishi akinibishia, nataka kumwonyesha mchoro. Ngram ya Google, ile inayochora neno limetokea kiasi gani vitabuni mwaka hadi mwaka, inatosha? Nilijaribu "wireless" na ikapanda juu miaka ya karibuni, wakati nilitegemea ishuke.

Mhesabu_Maneno

Imepanda kwa sababu Ngram haioni maana, inaona herufi. "Wireless" ya redio ilishuka, halafu "wireless" ya mitandao isiyo na waya ikaja na kupanda mgongoni mwake. Mchoro mmoja, maneno mawili.

Fanya hivi. Andika `wireless_NOUN, wireless_ADJ` ukitenganisha kwa mkato. Redio ilikuwa nomino, "the wireless". Ya mtandao mara nyingi ni kivumishi, "wireless network". Haitakuwa safi kabisa, maana hizo alama za aina ya neno zimewekwa na kompyuta, ila utaona vilele viwili vikiachana. Bora zaidi tafuta maneno ya pamoja: `on the wireless, on the radio`. Hapo maana imefungwa na unaona mmoja akishuka mwenzake akipanda.

Mipangilio: chagua kopasi (mkusanyiko wa matini) ya Kiingereza cha Uingereza, si ile ya jumla, la sivyo Marekani itakufunika. Anza 1800, usirudi nyuma zaidi. Kabla ya hapo vitabu vilichapwa kwa s ndefu, ſ, na mashine ya kusoma maandishi huiona kama f. "Best" inakuwa "beft", "also" inakuwa "alfo". Mtu asiyejua huona "best" ikipaa ghafla kuelekea 1800 akadhani Waingereza ndio kwanza wamegundua ubora. Ulainishaji wa mstari huja umewekwa 3, yaani kila mwaka unachanganywa na miaka mitatu ya kila upande. Ukitafuta mwaka hasa wa mporomoko, weka 0. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili mpaka uruhusu vihesabiwe pamoja. Na neno lisilofikia vitabu 40 halionekani kabisa, kwa hiyo mstari mtupu si lazima uwe na maana ya sifuri.

Kipimo cha jirani alichosema Kamusi_Kuukuu kinafanyika humo humo: andika `* shrift`. Nyota huleta maneno kumi yanayokaa hapo mara nyingi. Neno moja likiwaacha wenzake mbali, una masalia mkononi. Nyota haielewani na lile chaguo la kuchanganya herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo lizime kwanza.

Ila jibu la swali lako ni hapana, haitoshi. Ngram ni vitabu, na kitabu kilichochapwa upya mwaka 1990 kinaweza kuwa kiliandikwa 1850. Kinahesabiwa cha 1990. Pia vitabu vya kisayansi vimeongezeka mno karne ya 20, kwa hiyo neno la mazungumzo linaweza kuonekana linashuka kumbe limezidiwa wingi tu. "Hence" na "hitherto" zinaonekana nzima kwenye Ngram kwa sababu wasomi wanaziandika kutwa. Hakuna anayezisema akinunua mkate.

Kwa mazungumzo tumia kopasi ya matini iliyogawanywa kwa aina. COHA ni ya Marekani, ina maneno milioni 475, kuanzia miaka ya 1820, na inakuonyesha kwa kila muongo neno linatokea mara ngapi katika kila maneno milioni moja: hadithi, magazeti, majarida, na siku hizi maneno ya filamu na televisheni pia. Kujiandikisha ni bure, ila kuna kikomo cha utafutaji kwa siku. Kwa Uingereza kuna BNC, maneno milioni 100, mengi yake ya kati ya 1985 na 1993, na sehemu yake ya mazungumzo ina ndugu mpya, Spoken BNC2014, zaidi ya maneno milioni 11 ya watu waliojirekodi wakiongea nyumbani na marafiki. Hiyo ndiyo itakayomnyamazisha mwandishi wako. Matokeo ya awali ya mradi huo, yaliyotangazwa 2014, yalionyesha "marvellous" imeshuka kutoka mara 155 hadi mara 2 kwa kila maneno milioni, ndani ya miaka 20 hivi. "Awesome" ilikuwa imefika 72.

Ukisoma takwimu za aina hiyo usiishie kwenye idadi. Angalia ni wasemaji wangapi. Mtu mmoja mwenye neno lake pendwa anaweza kulitamka mara 30 katika rekodi moja na kuharibu hesabu yote. Neno likitoka kwa watu wengi wa rika tofauti ndipo useme liko hai.

Bi_Matini

Nakubaliana na mengi, ila msiiue "shall" haraka hivyo. Kuna mtu atasoma hapa na kuifuta kila mahali.

Ni kweli imeanguka. Kuna kopasi mbili pacha za maandishi ya Uingereza, moja ya 1961 na moja ya 1991, kila moja maneno milioni moja kwa matini 500 zilizochaguliwa kwa mpangilio uleule. Kati ya hizo mbili, "shall" na "ought to" zilishuka kila moja kwa zaidi ya asilimia 40, na "must" kwa asilimia 29 hivi. Nafasi ya "must" kwenye kuongea imechukuliwa sana na "have to" na "need to".

Lakini "shall" ina kazi mbili zisizo na mbadala mzuri. "Shall I open the window?" ni kujitolea, na "Shall we go?" ni kupendekeza. Kijana wa London anasema zote mbili leo hii bila kujiona mzee. Ukiweka "Will I open the window?" kinywani mwa Mlondoni, umebadilisha kabila, hiyo utaisikia Ireland na Scotland. Kilichokufa kwenye mazungumzo ni ile "I shall" ya wakati ujao, ambayo vitabu vya sarufi vilishikilia kwamba nafsi ya kwanza ni "shall" na nyingine ni "will".

Nyumba nyingine ya "shall" ni sheria, na huko nako inafukuzwa kwa sababu tofauti: haijulikani inamaanisha lazima, au itatokea, au ina haki. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani ziliandikwa upya zikaanza kutumika Desemba 2007, na "shall" ikaondolewa, mahali pengi ikawekwa "must". Mswada wako ungekuwa na mkataba ndani yake, ningesema iache. Kwa mazungumzo, "I'll".

"Whom" vivyo hivyo. Haijafa, imejifungia baada ya kihusishi: "to whom", "with whom", "most of whom". Hiyo ya mwisho hata msemaji wa kawaida hana namna ya kuikwepa. Ila swali la mdomo linaloanza na "Whom", kama "Whom did you see?", linamfanya kijana aonekane anasahihisha mitihani. Hatari yake kubwa ni kwamba wanaoihofia huiweka pasipo pake: "the man whom I thought was ill". Hapo "I thought" ni kipachikwa tu. Kiondoe utaona kiima kinachohitajika ni "who".

Halafu msimlaumu sana mwandishi kwa "wireless". Ameiweka kwa mtu asiye wake. Mzee wa miaka 80 leo alizaliwa miaka ya 1940, nyumbani kwao walisikiliza "the wireless". Mnyang'anye kijana "wireless" yake, mpe mzee. Ndivyo unavyomzeesha mhusika bila "thou".

Kamusi_Kuukuu

Bi Matini kamaliza. Niongeze kidogo juu ya vitenzi, kwa sababu naamini ukipekua utakuta "holp", "clomb" au "chid" mahali.

Vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni ya -ed vinapungua kwa mpangilio unaohesabika. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2007 ulichukua vitenzi 177 vya namna hiyo vya Kiingereza cha Kale: 145 vilikuwa bado hivyo katika Kiingereza cha Kati, na 98 leo. Kinachoamua ni matumizi. Kitenzi kinachotumika mara 100 chini ya mwenzake hupoteza umbo lake mara 10 haraka zaidi. Ndiyo maana "went" na "was" haziguswi, wakati "holp" imekuwa "helped". Umbo la zamani linalosemwa kila saa watoto hulisikia mapema na kulikariri. Linalosemwa mara moja kwa mwaka, mtoto hulitengeneza upya kwa kanuni anayoijua.

Kwa hiyo ukikutana na umbo la ajabu, jiulize kitenzi chenyewe ni cha kila siku au cha nadra. Cha nadra, mpe kijana -ed. Maumbo mengine yamehamia kwenye vivumishi, kama "wrought" ya "wrought iron", ambayo zamani ilikuwa wakati uliopita wa "work". Hayo yaache yalivyo.

Mhariri_Kalamu

Nimefanya hivi, mniambie:

"I shall telephone you" imekuwa "I'll call you". "Whence come you?" imekuwa "Where've you come from?" "Hitherto" imekuwa "so far". "Whilst" nimeiacha kwenye barua, kwenye mdomo nimeweka "while". "Marvellous" na "wireless" nimempa mzee, na "thou" zote nimefuta. Sentensi yake sasa: "I heard it on the wireless a fortnight ago. Marvellous, it was."

"Lest" (ili isije ikawa) nimeibakiza mahali pamoja tu, kwenye hotuba ya mnara wa kumbukumbu ya vita: "We gather lest the young man's name is forgotten."

Nafsi_ya_Pili

Mzee amekaa sawa. Ila "Where've you come from?" inamuuliza mtu ametoka wapi sasa hivi, kama wanauliza asili yake iwe "Where are you from?" Angalia muktadha.

Na kwenye hotuba, "lest" ni mahali pake, minara mingi imechongwa "Lest we forget". Lakini haichukui "is". Kitenzi kinachoifuata hubaki katika umbo lake tupu, au hutanguliwa na "should": "lest the young man's name be forgotten", au "should be forgotten".